Nyavu ziondolewe midomoni mwa mito ningu anapopanda

Mhariri,

Masika yakishika huko juu Nandi na Kericho, mto Nyando hushuka Ziwa Victoria mwekundu kwa udongo na wenye nyavu hukimbilia mdomoni mwake. Wanajua ningu, samaki wa ziwa hili, anapanda mto kutaga. Mimi nimekulia Kano, na marehemu mama alikuwa akikausha ningu kwa moshi wakamfikisha msimu mwingine. Mwaka huu nimezunguka masoko mawili nikimtafuta. Nilikuta omena, yaani dagaa, na vichwa vya mbuta, yule sangara.

Ukiuliza ningu alienda wapi, utajibiwa upesi kwamba alimezwa na mbuta. Mbuta ana makosa yake, lakini hili tunamsingizia. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akafurika miaka ya 1980. Wakati huo ningu alikuwa ameshaporomoka; wataalamu waliandika habari za kupungua kwake mapema miaka ya 1960. Nyavu za kutega ziliingia ziwani mwaka 1905, zikaja kutandazwa hadi mitoni. Tulimmaliza kwa mikono yetu. Leo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka daraja la samaki walio hatarini kabisa kutoweka.

Ningu hula na kukua ziwani, lakini kuzaa huzalia mtoni. Mvua ikikolea hupanda kwa makundi, akaingia kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko, akataga humo, na vifaranga huteremka maji yakipungua. Wavu unaoziba mdomo wa mto siku hizo hunasa majike yaliyojaa mayai, na mayai yenyewe, tuseme ukweli, ndiyo tunayoyapenda sahanini.

Hata anayeponyoka nyavu anakuta nini huko juu? Kanuni za maji za 2007 zilitaka kando ya mto paachwe mita 6 hadi 30 bila kuguswa. Nenda Nyando au Sondu ukaone: mahindi yamelimwa hadi ukingoni, mchanga unachotwa, mafunjo yanafyekwa na kuchomwa. Najua mafuriko ni nini, maji yameshaingia nyumbani kwetu usiku tukalala shuleni. Simwombi mtu amwachie samaki kitanda chake. Naomba vinamasi vilivyosalia karibu na ziwa visikaushwe, maana hapo maji hutulia, na ningu hupata pa kutagia.

Kwa serikali za kaunti za Kisumu na Homa Bay, na kwa viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe: kubalianeni sasa, kabla ya masika, wiki ambazo hakuna wavu utakaotegwa mdomoni mwa Nyando wala Sondu. Wazee wa mtoni waulizwe tarehe. Wanazijua kwa rangi ya maji. Wavuvi watakaopoteza riziki wiki hizo wafidiwe, la sivyo watarudi usiku. Ningu yuko pia katika mito ya Kagera na Mara, lakini tusiwangoje Watanzania na Waganda waanze.

Mkazi wa Ahero,
Kisumu