Hati ya tovuti yetu ilikuwa mfukoni mwa mtu mwingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na vikundi vya kina mama, mafundi, wenye nyumba za wageni na yeyote anayejiandaa kufungua tovuti yake ya kwanza. Nina jambo moja la kuwaambia, nalo limetugharimu. Kabla hujauliza tovuti itapendeza vipi, uliza jina lake limeandikishwa kwa nani.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na katibu wa kikundi cha wanawake 14 hapa Pangani. Twasuka ukili, ule utepe wa majani makavu yaliyosukwa, twashona mikeka, misala ya kuswalia, makawa ya kufunikia chakula na mikoba. Kikundi kimesajiliwa, kina katiba, kina akaunti benki. Tulipoomba mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, tulipeleka muhtasari wa kikao, picha za viongozi na majina ya watia saini watatu. Fedha za kila wiki tunazitunza kwenye sanduku la kufuli 3, na kila funguo ina mshikaji wake. Hata ukiwa na njaa, huwezi kulifungua peke yako.

Ilipofika zamu ya tovuti, tulimkabidhi kijana mmoja fedha mkononi, tukamwambia, "Mwanetu, tutengenezee." Hakuna aliyetia saini popote.

Sitamnyima haki yake. Alifanya kazi nzuri. Baada ya wiki 3 tulikuwa na ukurasa wenye picha za mikoba yetu, na simu zikaanza kuingia. Hoteli moja ya Arusha iliagiza makawa 60, kazi iliyotushughulisha miezi miwili. Tukachapisha kadi, tukashonesha vibandiko vyekundu vyenye jina la tovuti, kila mkoba ukawa na chake. Jina lile liliishia na .com. Kijana aliliandikisha kwa barua pepe yake, kwenye akaunti yake, kwa namba yake ya simu. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Ndivyo ilivyomrahisikia, na sisi hatukuuliza.

Mwaka ulipokwisha alikuwa amepata kazi mkoa mwingine na amebadili namba. Matangazo ya kulipia upya yalikwenda kwenye barua pepe ambayo yeye mwenyewe alikuwa haifungui tena. Asubuhi moja mteja wa Dar es Salaam akanipigia: "Mwalimu, mbona tovuti yenu haifunguki?"

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba jina la tovuti, ambalo mafundi huliita domeini, haliuzwi. Linakodishwa, mwaka mmoja mmoja au kwa miaka kadhaa, na kwa majina ya .com huwezi kukodi zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo. Muda ukipita bila malipo, wakala aliyeliandikisha jina hukupa siku za kusubiri, kisha huja siku 30 za kukomboa, ambazo mwenye jina anaweza kulirudisha kwa ada kubwa kuliko ya kawaida. Zikipita hizo, jina huachiwa, na yeyote duniani anaweza kulichukua. Tuliwaandikia mawakala. Walitujibu kwa adabu kwamba akaunti ile si yetu na hawawezi kuzungumza nasi habari zake. Walikuwa na haki. Mwenye haki ya kukomboa alikuwa yule kijana tu, na mpaka tunampata kupitia kwa baba yake mdogo, siku zilikuwa zimekwisha.

Miezi michache baadaye jina letu likafunguka tena. Lilikuwa ukurasa wa kamari. Mwenyekiti wetu, bibi wa miaka 71 aliyetufundisha wengi wetu kushona pindo, alioneshwa kwenye simu ya mjukuu wake. Hakusema neno. Kesho yake alikuja na wembe, akaketi mkekani, akaanza kufumua vibandiko kwenye mikoba iliyokuwa stoo. Tulifumua 212, siku mbili.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu wengi wanaotaka tovuti husumbuliwa na rangi, picha zinazotembea na bei. Hayo hurekebishika wakati wowote. Jina likipotea, umepoteza kila kadi uliyogawa na kila mteja aliyelihifadhi. Hapa kwetu mtu hanunui kiwanja hati ikaandikwa kwa jina la fundi aliyejenga nyumba, hata fundi awe mtoto wa nduguye. Kwa tovuti tunafanya hivyo kila siku.

Tulipoamua kuanza upya, binti wa mdogo wangu alikuwa likizo. Akaniambia, "Mama mkubwa, safari hii utafanya mwenyewe. Mimi nitakaa pembeni." Alikaa pembeni kweli, na nilichokifanya kwa mikono yangu ndicho ninachoweza kumweleza mwanzaji mwenzangu.

Kwanza tulifungua barua pepe ya kikundi. Si yangu wala ya mwenyekiti. Ni ya kikundi, na namba ya simu ya kuirejesha ni ile ya laini ya kikundi. Neno la siri limeandikwa kwenye karatasi, karatasi iko ndani ya bahasha, na bahasha iko kwenye sanduku la kufuli 3.

Halafu jina. Tulichagua linaloishia na .co.tz. Majina ya .tz yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, nasi wananchi huyapata kwa wasajili walioidhinishwa. Kuna .or.tz kwa taasisi zisizo za biashara, .sc.tz kwa shule, .go.tz kwa serikali; sisi twauza mikoba, kwa hiyo .co.tz ndiyo mahali petu. Jina tulilolipenda mwanzo lilikuwa na neno "ukili". Nikawapigia simu watu 5 wa mikoa mbalimbali, nikawatamkia, nikawaomba waliandike na kunitumia kwa meseji. Wawili waliandika "ukiri". Tukaliacha. Jaribio hilo halina gharama zaidi ya muda wa maongezi, na namsihi kila mtu alifanye kabla ya kulipa. Risiti ikaja kwa jina la kikundi. Ada ya mwaka mzima haikufika bei ya mikeka yetu miwili mikubwa.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwamba jina na tovuti ni vitu viwili. Jina ni anwani. Kurasa zenyewe hukaa kwenye seva, kompyuta isiyozimwa, ambayo kwayo unakodi nafasi kama mtu anayekodi chumba. Unaweza kupata jina kwa huyu na chumba kwa yule. Kinachoviunganisha ni seva za majina: unaingia kwenye akaunti ya jina, unaandika seva zipi ziulizwe, na kuanzia hapo mgeni anaelekezwa chumbani kwako. Nilipoandika, ukurasa haukufunguka siku ile. Nilidhani nimekosea, nikabadilisha tena na tena, kosa la pili juu ya subira niliyokosa. Maelekezo hayo huchukua saa kadhaa kuenea, pengine siku moja au mbili. Andika sawasawa mara moja, kisha nenda kapike.

Ukurasa wenyewe niliuandika kwa Notepad, programu ndogo ya maandishi iliyomo kwenye Windows, mistari kama 40. Watu waliniambia haifai siku hizi, kwamba tovuti bila programu kubwa ni aibu. Basi nikaenda kuutazama ukurasa wa kwanza kabisa, ule wa Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti, wa mwaka 1991 alipokuwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi. Mpaka leo unafunguka kwa anwani ya info.cern.ch. Ni maandishi na viungo tu, hauna picha hata moja. Na tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliitoa kazi ile kwa watu wote bila malipo, ndiyo sababu leo hatumlipi mtu yeyote ada ya ruhusa ya kuandika ukurasa. Tunalipia jina na chumba. Ankara ikiwa na mstari wa tatu, uliza ni wa nini.

Sina ugomvi na WordPress. Ni programu ya bure ya kutengenezea tovuti tangu 2003, na tovuti nyingi sana duniani zinaitumia. Lakini inataka kusasishwa mara kwa mara, na isiposasishwa huwa mlango wazi kwa wezi. Bei zetu hubadilika mara mbili kwa mwaka. Mistari 40 yatutosha.

Lugha ya kurasa, HTML, msusi haimshindi. Karibu kila alama inayofunguliwa hufungwa: umefungua aya, funga aya, umefungua kichwa cha habari, kifunge. Ukiacha moja wazi, makosa yaweza kushuka mpaka chini ya ukurasa, kama ukili ulioachwa bila kukunjwa pindo. Ugumu ulikuwa kwenye majina ya mafaili. Kwa seva nyingi ukurasa wa mbele huitwa index.html, herufi ndogo tupu, nayo Notepad iliniongezea .txt mwishoni bila kunionesha. Picha nazo zilionekana vizuri kwenye kompyuta yangu, nilipozipandisha zikapotea zote. Faili liliitwa Mkoba.JPG, mimi kwenye ukurasa nimeandika mkoba.jpg. Windows haijali tofauti hiyo. Seva nyingi hutumia mfumo mwingine uitwao Linux, na kwa Linux hayo ni mafaili mawili mbali mbali. Nilipoteza siku nzima. Tangu hapo kila faili letu lina herufi ndogo na halina nafasi katikati.

Picha nazo zipunguzeni. Nilikuwa na picha 14 za simu, kila moja kama megabaiti 4. Mgeni alipofungua ukurasa tulimkata megabaiti 56 za bando lake kabla hajaona bei. Nilizipunguza upana hadi pikseli 1,200, kila moja ikabaki kama kilobaiti 150, na zote pamoja hazifiki megabaiti 3. Mkoba unaonekana vilevile, hata mshono wake. Mama wa Handeni anayeweka bando la siku moja anastahili heshima hiyo.

Kufuli la tovuti, ile https mwanzoni mwa anwani ambayo zamani kivinjari cha Chrome kiliionesha kwa picha ya kufuli dogo, msilisahau. Tangu mwaka 2018 Chrome humwambia mgeni kwamba tovuti isiyo nalo si salama, na mgeni huondoka. Cheti chake kinapatikana bure kwa Let's Encrypt. Hudumu muda mfupi tu, na seva nyingi hukihuisha zenyewe. Tulikuwa tumeambiwa tulipie. Hatukulipa.

Na tuliandika kwa Kiswahili kwanza. Tulishauriwa kwamba wanunuzi ni wazungu, tuweke Kiingereza peke yake. Wanunuzi wetu wengi ni watu wa Dar es Salaam, Tanga mjini na Mombasa, na kina mama wanaonunua misala kabla ya Ramadhani. Kiingereza kipo ukurasa wa pili. Mwanzoni mwa faili nimeandika lang="sw", alama inayoitaarifu kompyuta kwamba maneno haya ni Kiswahili, ili programu inayomsomea asiyeona isiyatamke kwa Kiingereza. Ni herufi chache, na nimezitafuta kwenye tovuti kadhaa za Kiswahili nisizione. Jambo hilo linaniuma.

Sasa nina maombi. Vijana mnaotengeneza tovuti, siku ya kukabidhi kazi mkabidhi na funguo: akaunti ya jina, akaunti ya seva, nakala ya mafaili kwenye flashi. Mkitaka kuendelea kuitunza tovuti kwa malipo, mwekewe mkataba, lakini jina libaki kwa mwenyewe. Walimu wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, mnaowafundisha wajasiriamali kuweka vitabu vya hesabu, ongezeni somo hili. Saa mbili zinatosha. Maafisa maendeleo ya jamii, mnapokagua daftari za vikundi, ulizeni na hili: jina la tovuti linaisha lini, na nani anapokea taarifa yake? Letu nimeliandika kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya ukutani, siku 60 kabla ya tarehe yenyewe, na watia saini wote watatu wanaijua.

Mwisho, Ndugu Mhariri, naomba uniruhusu niwafikie wateja wetu wa zamani kupitia ukurasa wako. Ipo mikoba tuliyouza kabla ya mkasa huu, na bado ina kibandiko chekundu chenye jina linaloishia na .com. Jina hilo si letu tena. Mwenye mkoba huo tafadhali akifumue kibandiko, asiwaoneshe watoto, asilifungue jina hilo. Akipita Pangani, atuletee mkoba, tutamshonea kibandiko kipya papo hapo bila malipo.

Mwalimu mstaafu,
Katibu wa kikundi cha wasusi,
Pangani, Tanga