Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wetu na Christ's Hospital

Ndugu wanachama,

Wazee wetu shikamooni, na wengine hamjambo. Mwaka huu tumekutana kila mwezi bila kukosa. Hesabu atazisoma mhazini. Mimi naomba niseme juu ya Christ's Hospital, shule ya bweni tuliyoisoma habari zake mwaka mzima, kisha tukaenda kuiona kwa macho yetu huko Horsham, mji wa kusini mwa Uingereza.

Jina lisitupoteze, si mahali pa kutibia wagonjwa. Zamani neno "hospital" lilitumika hata kwa nyumba ya kupokea wasio na kwao. Mfalme Henry VIII alikwisha kufunga nyumba za watawa, na maskini wa London wakakosa mlango wa kubisha. Mwaka 1552 Askofu Nicholas Ridley alihubiri mbele ya mwana wa mfalme huyo, Mfalme Edward VI, juu ya wajibu wa wenye nacho. Meya Richard Dobbs akawachangisha wakazi wa jiji. Majengo ya Wafransisko pale Newgate Street yakapokea watoto wapatao 380, wavulana kwa wasichana. Edward alitia saini hati ya shule Juni 1553, na siku chache baadaye akafariki, akiwa na miaka 15 tu.

Nataka tukae kidogo kwenye sare, maana ndiyo iliyozua maswali mengi njiani. Koti la buluu linaloshuka hadi miguuni, mkanda wa ngozi, suruali inayokomea magotini na soksi ndefu za manjano: mavazi ya karne ya 16, na bado yanavaliwa kila siku. Shule huyatoa bure. Mzazi hulipa ada kwa kadiri ya kipato chake, wapo wasiolipa hata senti, na uwanjani huwezi kujua huyu ni mtoto wa nani. Nimezisoma shule nyingi za kale za Uingereza. Hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, kwa sababu haikumsahau mtoto aliyejengewa.

Mshairi Samuel Taylor Coleridge aliletwa hapo mwaka 1782, baada ya kufiwa na baba yake. Hapo alikutana na Charles Lamb, mwandishi wa baadaye na mtoto wa mtumishi wa mwanasheria, na urafiki wao ukadumu hadi uzeeni. Kabla yao, mwaka 1673, Mfalme Charles II alikwisha kuanzisha humo shule ya hisabati ya kufundisha vijana kuongoza merikebu.

Jambo moja lilinisikitisha. Wasichana walikuwapo tangu mwanzo, lakini kwa muda mrefu walisomeshwa kando, katika mji wa Hertford. Wavulana walihamia Horsham mwaka 1902. Dada zao wakaungana nao 1985.

Kwa mwakani, kamati inapendekeza shule ya Winchester, iliyoanzishwa 1382 kwa ajili ya wanafunzi 70 maskini. Mchango wa nauli utabaki uleule. Pendekezo liko mbele yenu, karibuni tulijadili.

Mwenyekiti wenu