Risala ya klabu ya kupima nyota kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, wakubwa wote shikamooni, na wenzetu hamjambo.

Sisi wanachama wa klabu ya kupima nyota tumefurahi sana ulivyokubali kuja, maana watu wengi wakisikia klabu ya nyota wanadhani tunatabiri bahati, kila siku tunaulizwa "mimi nyota yangu ipi", sasa leo tumepata nafasi ya kusema mbele ya kila mtu kwamba hapana, sisi tunapima. Tunapima nyota iko wapi angani, saa ngapi, tarehe gani, alafu tunarudi kesho na mwezi ujao kuangalia kama imesogea. Ndo kazi yenyewe, na tunaomba utuvumilie tukueleze kidogo kwa sababu maombi yetu ya mwisho yanatokana na hiyo hiyo.

Kifaa chetu tumekitengeneza wenyewe. Ni kile kipimapembe kikubwa cha ubaoni, juu yake tumegundisha mrija wa kunywea soda, katikati tumefunga uzi wenye nati ya chuma mwishoni, yaani timazi kama ya fundi ujenzi. Mmoja anachungulia nyota kwenye mrija, wa pili anasubiri uzi utulie anaubana na kidole anasoma digrii kwa tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu ili macho yasiharibikiwe na mwanga, wa tatu anaandika. Uzi ukisimama kwenye 52 basi unatoa kwenye 90, nyota iko digrii 38 juu ya upeo. Tunapima mara tatu tunachukua wastani, maana mkono unatetemeka na upepo nao unayumbisha uzi, saa ingine vipimo viwili vya dakika hiyo hiyo vinapishana digrii mbili nzima.

Mwanzoni tulifanya kosa moja kubwa. Tulikuwa tunaandika digrii na jina la nyota tu, saa hatuandiki. Kurasa kumi na moja. Siku tunakaa kuchora grafu ndo tunagundua kwamba anga lote linaonekana kuzunguka digrii 15 kila saa, kwa hiyo digrii 38 bila saa haikuambii chochote, ilikuwa saa moja au saa tatu nani anajua. Zile kurasa hatukuweza kuzitumia hata moja na kwa kweli iliuma, lakini kuanzia siku ile hakuna anayeandika kipimo bila saa na tarehe, hata awe amechoka vipi.

Baada ya hapo tukapima mwezi. Tulichukua pembe kati ya mwezi na nyota moja angavu iliyokuwa karibu nao, kesho yake saa ile ile tukapima tena, mwezi ukawa umeshaiacha ile nyota digrii 12. Inavyojulikana ni kama 13 kwa siku. Mheshimiwa, ile furaha hatuwezi kuielezea vizuri hapa, kuona kwa uzi na nati kwamba mwezi unatembea, na unatembea kiasi gani!

Sasa watu wanatuuliza faida yake nini, si kuna darubini kubwa huko zinapima kila kitu. Jibu letu ni kwamba kwenye kazi hii kipimo cha leo mara nyingi faida yake inaonekana baada ya miaka mingi, na anayeiona ni mtu mwingine kabisa. Zaidi ya miaka 2100 iliyopita Hipparchus, Mgiriki, alipima nyota Spica akalinganisha na kipimo cha Timocharis aliyekuwa amepima huko Alexandria karibu miaka 150 kabla yake, akakuta Spica imesogea kama digrii mbili ukilinganisha na ile sehemu jua linapovuka ikweta ya anga, yaani ikweta ya dunia ukiiendeleza mpaka angani. Digrii mbili katika miaka 150! Angekuwa na vipimo vyake peke yake asingeona kitu maisha yake yote. Leo tunajua ni mhimili wa dunia unaozunguka polepole kama pia ya kuchezea inayotaka kuanguka, mzunguko mmoja unachukua miaka karibu 26,000.

Alafu orodha za nyota za Wagiriki kama hao zikaja kumsaidia Edmond Halley mwaka 1718, yule yule ambaye nyotamkia imepewa jina lake. Aliangalia Sirius, Aldebaran na Arcturus zilipo wakati wake na zilipoandikwa zamani, akakuta haziko pale pale, Arcturus peke yake imehama zaidi ya digrii moja, yaani mara mbili ya upana wa mwezi mpevu. Mpaka siku hizo watu wakiziita nyota zisizohama. Kumbe zinahama, ila mtu mmoja hawezi kuishi miaka ya kutosha kuona hivi hivi kwa macho.

Katikati ya hao wawili kuna watu tunaowaheshimu sana, Ulugh Beg wa Samarkand ambaye orodha yake ya mwaka 1437 ilikuwa na nyota zaidi ya elfu moja, na Tycho Brahe aliyepima miaka mingi kwenye kisiwa cha Hven bila darubini, kwa macho na vyombo vikubwa vya chuma na mbao, akafikia usahihi wa karibu dakika moja ya tao, yaani digrii moja ukiigawa mara sitini. Tycho akafa 1601. Johannes Kepler akachukua vile vipimo vya Mirihi akatengeneza njia yake kwa duara, ikakubali karibu kila mahali isipokuwa sehemu fulani ikapishana dakika 8 za tao, kama robo ya upana wa mwezi. Mtu mwingine angesema bwana hiyo ndogo, atakuwa Tycho alikosea. Kepler akasema Tycho hakosei kiasi hicho, akaitupa kazi yake ya miaka akaanza upya, mwaka 1609 akatangaza kwamba Mirihi inazunguka jua kwa njia ya duaradufu. Sisi klabuni hii ndo tunaipenda kuliko zote kwa sababu inatokana na kuamini daftari la mtu aliyekuwa ameshakufa.

Kuhusu umbali wa nyota tunaomba kila mtu hapa anyooshe mkono mbele asimamishe kidole gumba, afumbe jicho moja, alafu abadilishe jicho. Kidole kimeruka, si ndiyo? Sasa weka dunia ikiwa upande huu wa jua na miezi sita baadaye ikiwa upande wa pili, hayo ndo macho mawili, na nyota ya karibu inaruka kidogo mbele ya zile za mbali. Tunaita paralaksi. Watu waliitafuta miaka na miaka bila kuipata mpaka Friedrich Bessel mwaka 1838 alipotangaza ya 61 Cygni, nyota hafifu tu, kama sekunde 0.31 za tao, sekunde ni dakika ya tao ukiigawa tena mara sitini. Tulipiga hesabu hiyo pembe ni ndogo kiasi gani, ni kama kuangalia kitu cha upana wa milimita moja ukiwa mita 650 hivi. Nyota yenyewe iko kama miaka nuru 11, yaani mwanga wake unasafiri miaka 11 kufika hapa.

Siku hizi kazi hiyo inafanywa nje ya hewa. Chombo Hipparcos cha shirika la anga la Ulaya kilirushwa 1989 kikapima nyota 118,218, kikafuatiwa na Gaia iliyorushwa Desemba 2013 ikakaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, orodha yake ya 2022 ina nyota na vitu vingine karibu bilioni 1.8, ikamaliza kupima Januari 2025 na data zake bado zinachambuliwa. Hata vyombo hivyo vinakaguana. Hipparcos ilitoa umbali wa Kilimia, lile kundi la nyota, karibu miaka nuru 390, wapimaji wengine wakakataa wakisema ni zaidi ya hapo, mabishano yakaenda karibu miaka ishirini, Gaia ilipopima ikapata kama 440, kwa hiyo wale waliokataa walikuwa sawa. Kilimia hicho hicho tunachokiona kwa macho.

Na kwa anayetaka faida ya wazi wazi, Desemba 2004 asteroidi, yaani jiwe kubwa linalozunguka jua, inayoitwa Apophis ilihesabiwa kuwa na uwezekano wa asilimia 2.7 wa kugonga dunia tarehe 13 Aprili 2029. Vipimo vilikuwa vya muda mfupi, njia yake haieleweki vizuri. Kilichowatoa watu hofu ni picha za Machi mwaka huo, zilikuwa zimekaa tu kwenye kumbukumbu na asteroidi imo ndani hakuna aliyeiona, zilipofukuliwa na kupimwa ikajulikana haitagonga siku hiyo, na vipimo vya baadaye vikaonyesha itapita kama kilomita 32,000 juu ya ardhi. Picha ambazo mtu aliziweka vizuri, zikiwa na saa yake.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndo maana maombi yetu hayaanzi na darubini, ingawa ukitupatia ndogo ya macho mawili yenye kusimamishwa kwenye miguu mitatu tutaipokea kwa mikono miwili. Ombi letu la kwanza ni kabati lenye kufuli. Madaftari yetu sasa hivi yanakaa kwenye boksi chini ya meza, mvua iliyopita maji yaliingia na wino wa kurasa kadhaa umesambaa, na sisi kidato cha mwisho tunaondoka mwaka huu, tunataka watakaokuja wakute vipimo vyetu vinasomeka. Ombi la pili ni hili la taa kubwa ya uwanjani, tunaomba uongozi uruhusu izimwe jioni mbili kwa wiki kuanzia saa moja na nusu mpaka saa tatu usiku, mwalimu mlezi ameshakubali kuwa nasi.

Daftari jipya liko hapa mezani, ukurasa wa kwanza tumeuacha wazi. Giza likishaingia tunaomba utoke nasi nje ushike mrija, uchague nyota yoyote unayoipenda, sisi tutasoma uzi na kuandika digrii, saa na tarehe.

Tunaomba kuwasilisha.