Risasi inaliwa na upepo, sio kwa sababu bunduki ni ya bei rahisi

Mhariri, salamu nyingi.

Nimesoma ile makala yenu ya michezo ya wiki iliyopita kuhusu kulenga shabaha za mbali, nikaona lazima niandike manake mmesema kitu ninachokisikia kila siku na si kweli, ati ukishapata bunduki ya bei na darubini kubwa juu yake basi kazi imeisha, hata mita elfu unapiga tu. Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Woking hapa Uingereza, na mwaka wa sita huu kila kiangazi nalala kifudifudi kwenye uwanja wa Bisley na bunduki begani, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Kwanza hiyo darubini. Kwenye mashindano makubwa ya hapa, Zawadi ya Mfalme, yaliyoanza 1860 na kuhamia Bisley 1890, hakuna darubini juu ya bunduki. Unachungulia kwenye kitundu kidogo nyuma, mbele kuna kipete, shabaha nyeusi unaiweka katikati ya kipete basi. Hakuna kigogo wala miguu ya kuegemeza, bunduki inashikwa na mkono na mkanda wake unaozungushwa mkononi tu. Risasi nazo wanakugawia wao, sawa kwa wote, tajiri na mlalahoi. Mwaka 1930 Marjorie Foster aliwashinda wanaume wote, naye hakuwa na darubini juu ya bunduki. Wapo wanaotumia darubini na miguu, ni kundi lao, linaitwa F kwa heshima ya Mkanada George Farquharson, na hao nao waulize watakwambia shida ni ile ile moja.

Shida ni upepo. Yadi 1000 ni kama mita 914, risasi inachukua sekunde moja na nusu hivi kufika, na muda wote huo upepo unaisukuma. Upepo wa maili 10 kwa saa ukitoka ubavuni unaitoa zaidi ya mita mbili, sasa piga hesabu ukikosea kidogo tu kukisia. Na watu wengi wanadhani upepo mbaya ni ule wa kule kwenye shabaha, kumbe ule wa karibu na wewe ndio wa kuogopa sana, risasi ikishasukumwa mapema inakwenda imepinda njia nzima.

Nitawapa mfano. Julai iliyopita, yadi 900, nilikuwa nimepiga kumi na zote tano tano, na tano ndiyo alama ya juu. Bendera za upepo za uwanjani zilikuwa zinavuta kulia vizuri, nimeshageuza kitundu cha kulengea dakika 4 kushoto (hii dakika siyo ya saa, ni kipimo cha pembe, kwa yadi 1000 ni kama inchi 10). Una sekunde 45 za kupiga, nikaona zinaniishia, nikavuta triga bila kutupa jicho kwenye bendera mara ya mwisho. Shabaha ikashuka, ikakaa, ikapanda na kile kidude cha kuonyesha tundu kiko kushoto kabisa. Alama tatu. Nikainua macho, bendera ya karibu yangu imelegea kama kanga kwenye kamba isiyo na upepo. Bunduki haikukosea hata nukta, ilipeleka risasi pale pale nilipoiambia.

Darubini tunayo lakini imesimama chini pembeni, ya kutazamia mazigazi. Unaivuta ione katikati ya uwanja, unayaona mawimbi ya joto yanalala upande upepo unakoenda, na yakisimama wima yanachemka kama maji ya ugali, usipige, subiri, manake upepo unageuka. Babu yangu alikuwa nahodha, alikuwa anajua kusi linakuja kwa kuangalia maji yanavyobadilika rangi kabla tanga halijatikisika. Mimi nimekuja kumwelewa huku ugenini nikiwa nimelala kwenye nyasi.

Mwili nao una kazi yake, na haununuliwi. Ukishalala na kukaza mkanda, funga macho, vuta pumzi mbili, yafungue. Kama kipete kimehama kwenye shabaha usikirudishe kwa mikono, sogeza kiuno mpaka bunduki ikae yenyewe hapo, mifupa ndiyo ibebe siyo misuli. Halafu toa pumzi nusu, bonyeza triga polepole, na ikishalia usiinue kichwa, endelea kuangalia. Hilo la mwisho lilinichukua miaka miwili.

Basi ombi langu, mkiandika tena naomba ile picha ya bunduki yenye darubini muibadilishe, wekeni ya mtu amelala na mkanda mkononi na bendera ionekane nyuma yake. Na mwandishi wenu akipita Uingereza Julai aje Bisley, nitamkalisha nyuma yangu nimpe hiyo darubini ya chini aangalie mwenyewe.

Msomaji wenu, Woking