Kwa nini tunaandika karatasi kabla ya kupokea advansi ya geti

Wateja wanaofika karakana yetu hapa Busia, upande wa Uganda, kuagiza geti au madirisha hushangaa wakiona tunatoa kitabu na kalamu kabla ya kugusa pesa. "Kwani hatuaminiani?" Wanaouliza hivyo ni watu tunaowaheshimu: majirani, wazee tunaosali nao, akina mama tunaonunua samaki kwao. Tunawaamini. Lakini geti la kawaida la kuingiza gari linapita shilingi laki tano, na kazi ikishapita hapo sheria ya Uganda inataka makubaliano yawe ya maandishi.

Sheria yenyewe ni ile ya Mikataba ya mwaka 2010. Ukiisoma hutaona laki tano ikitajwa. Inasema mkataba ambao thamani yake inazidi pointi 25 za fedha uandikwe, na pointi moja ni shilingi 20,000. Zidisha, utapata 500,000. Chini ya hapo neno la mdomo ni mkataba kamili. Ukituletea kiti tukichomelee mguu kwa elfu kumi, tumeshapatana, na sheria inalitambua patano hilo.

Je, aliyelipa milioni moja bila karatasi amepoteza haki yake yote? Hapana. Sheria hiyohiyo inamtaka mtu aliyefaidi kazi au mali ya mwenzake, ambayo haikutolewa bure, alipe au arudishe. Shida ni kwamba hapo mnaanza kugombana juu ya mambo ambayo yangemalizwa na mistari minne. Wewe unasema mlikubaliana geti zito, fundi anasema mlikubaliana jepesi, na hakuna wa tatu aliyesikia.

Chukua unene wa bati, maana hapo ndipo wateja wengi wanapoumizwa. Bati la geji 16 lina unene wa karibu milimita 1.5. La geji 18 ni karibu milimita 1.2. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba, na watu wengi wanadhani ni kinyume chake. Geti likishapakwa rangi, jicho halitofautishi. Utakuja kujua siku gari limeligusa kidogo tu na bati limebonyea. Kama karatasi yako inasema "geti la chuma, rangi nyeusi" na basi, huna pa kushika. Kwa hiyo sisi tunaandika geji ya bati, unene wa bomba za fremu, urefu na upana kwa sentimita, aina ya kufuli, rangi na inapakwa mara ngapi, nani analipia usafiri, nani anajenga nguzo, advansi ni ngapi, baki inalipwa lini, na kazi inakamilika tarehe gani. Karatasi inajaa. Ukienda kwa fundi mwingine, hata kama hutarudi kwetu, tafadhali mdai aandike geji.

Halafu kuna mabadiliko. Mteja anapita jioni, anaona kazi imefika nusu, anasema, "Fundi, niongezee mlango mdogo wa watu upande wa kushoto." Kijana anayechomelea anaitikia, na wiki mbili baadaye bei haifanani na ile ya mwanzo. Sasa kila nyongeza inaandikwa nyuma ya karatasi ileile, na bei yake na tarehe, na pande zote mbili zinatia sahihi. Ukiwa mbali, tunakutumia kwa WhatsApp nawe unajibu kwa maneno. Sheria inahesabu ujumbe wa simu au barua pepe kuwa maandishi, mradi uweze kufunguliwa na kusomwa baadaye. Ujumbe wa sauti hatuutegemei kwa jambo la pesa. Tunakuomba uandike, hata kama ni "Nimekubali, ongeza laki moja na nusu kwa mlango mdogo". Na usifute mazungumzo hayo mpaka geti limefungwa na baki imelipwa.

Jambo la dhamana tunaomba lieleweke vizuri, maana hapo laki tano haina kazi. Mtu akisema "huyu asipolipa, nitalipa mimi", ahadi hiyo lazima iandikwe, hata deni likiwa elfu hamsini. Tunakutana nayo sana. Kijana anakuja kuagiza madirisha, anasema mjomba wake aliye Juba atasimamia malipo. Tunauliza kwanza: mjomba ndiye anayeagiza na wewe umetumwa, au unaagiza wewe na yeye anakudhamini? Kama yeye ndiye mwenye kazi, jina lake ndilo linaandikwa kuwa mteja. Kama anadhamini, atutumie maneno yake mwenyewe kwa maandishi, yenye jina lake, kiasi anachokidhamini na kazi yenyewe. Kumpigia simu akasema "msijali, nipo" ni heshima kubwa, lakini mahakamani haimfungi. Kijana asiudhike tukimwomba hivyo, kwa sababu inamlinda naye asije akaachiwa deni alilodhani mjomba amelibeba.

Wateja wetu wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, wanaona jambo hili geni kidogo, na wana sababu. Kwao sheria inadai maandishi kwa mikataba ya ardhi na kwa dhamana, lakini haina mpaka wa laki tano kama huu wetu kwa kazi ya kawaida. Ndiyo maana karatasi yetu ina mstari unaosema makubaliano yanafuata sheria za Uganda na bei ni shilingi za Uganda. Mstari huo wa pili umezuia ugomvi mwingi, kwa sababu kiwango cha kubadilisha pesa hapa mpakani hakikai mahali pamoja.

Tunaandika kwa Kiswahili. Mkataba hauhitaji Kiingereza ili uwe na nguvu, ingawa ukifika mahakamani utatafsiriwa. Kwa mteja asiyesoma, karatasi inasomwa yote kwa sauti na kuelezwa, kwa Kisamia au Kiteso ikibidi, kabla hajaweka dole gumba. Aliyeiandika anaweka jina lake kamili na anwani yake, na anaandika kwamba ameisoma na kuieleza. Sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma inadai hivyo, na sisi tungefanya hivyo hata isingedai. Njoo na mtoto wako au jirani anayesoma, naye aisikie.

Wanaopanga nyumba au duka wajue pia kwamba Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 ina mpaka uleule wa laki tano, na inakubali maandishi ya simu vilevile.

Ikitokea tumeshindwa kuelewana na wewe, karatasi hiyo ndiyo utakayoibeba. Anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Ukiona haitoshi, kuna utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na huko unajieleza mwenyewe bila ulazima wa kuajiri wakili. Nakala yako ni halali sawa na yetu, kwa hiyo iweke pamoja na risiti za advansi na ujumbe wa malipo ya simu.

Ukija kuagiza, leta kitambulisho cha taifa, vipimo vya uwazi kati ya nguzo (au tuambie tuje kupima, hatutozi kupima ndani ya mji), na namba ya simu unayotumia kwa WhatsApp. Kama analipa mtu mwingine, mwambie awe karibu na simu saa hiyo. Kuandika huchukua kama nusu saa, na advansi tunaipokea baada ya sahihi zote mbili.