Msimuuze yule jike kwanza

Lexington, Kentucky
Novemba 2025

Ndugu yangu Baba Neema,

Salaam nyingi kwako, kwa Mama Neema na kwa watoto. Sisi huku wazima, ila baridi imeshaanza kung'ata. Barua yako nimeisoma yote, na habari nyingine nitazijibu siku nyingine. Leo nataka tuzungumze lile moja tu, la tajiri wako kutaka kumuuza yule farasi jike mwekundu kwa kuwa mtoto wake wa kwanza hajaambulia kitu kwenye mbio za Ngong. Tafadhali mwambie angoje. Najua wewe ni saisi, mtunza farasi tu, na yeye ndiye mwenye mali, lakini anakusikiliza, na jike yule umemlea wewe.

Umeniandikia wakati wenyewe hasa. Mwezi huu ndio wa mnada mkubwa wa farasi wa Keeneland hapa Lexington, na kwa zaidi ya wiki moja majike na watoto walioachishwa ziwa wanapita mbele ya dalali kwa maelfu. Sisi wa mashambani kazi yetu ni kuwatoa bandani na kuwatembeza. Kila farasi amebandikwa namba ya karatasi kwenye nyonga. Mnunuzi anakuja na katalogi mkononi, anataja namba, unamtoa, unamsimamisha miguu ikiwa imepangika vizuri, anamwangalia kwa mbele, kwa ubavuni, kisha anakuambia umpeleke na umrudishe. Nusu ya siku inaishia hapo, mpeleke, mrudishe. Hata Kiswahili hakikosekani, maana ndugu zetu Wakongomani wamejaa mji huu.

Nimejifunza mengi kwa kuwatazama wanunuzi wazoefu. Jike wa kuzalisha hawamkagui kama farasi wa kukimbia. Wanaanza na kwato, kwa sababu jike mwenye kwato mbovu atabeba mimba miezi kumi na moja akiwa na maumivu. Wanatazama mgongo umelegea kiasi gani, kiwele kikoje, chuchu zote mbili zipo sawa. Halafu mzee mmoja anakwenda nyuma, anainua mkia. Anataka kuona njia ya uzazi imesimama wima au imelala kuelekea ndani, kwa kuwa ikilala, kinyesi huingia, kizazi kikaoza kwa maambukizo, na mimba haishiki. Wengi wa namna hiyo hushonwa na daktari sehemu ya juu, wakafunguliwa karibu na kuzaa. Nenda kamwangalie yule wa kwenu leo hii, kabla hujamaliza kusoma barua hii. Kama amekaa vizuri hapo, una hoja ya kwanza ya kumpelekea tajiri.

Baada ya hapo ndipo wanapofungua ukurasa wake. Ndani mna mama yake, bibi yake na mama wa bibi, na waliozaliwa nao, na mshindi wa mbio kubwa jina lake huchapwa kwa herufi nzito nyeusi. Chini kuna orodha ya watoto wake mwaka kwa mwaka, pamoja na miaka aliyotoka mtupu, bila mimba. Mimi naamini orodha hiyo kuliko herufi zote nyeusi zilizo juu yake.

Sasa nikusimulie habari ya Leslie's Lady, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Huyu mwenyewe alikuwa mkimbiaji wa kawaida, aliyeshinda mbio ndogo kule Indiana, na baba yake, Tricky Creek, hakuwa jina la kutikisa mtu. Novemba 2006 aliletwa hapa hapa Keeneland akiwa na mimba, shamba moja la familia, Clarkland, likamchukua kwa dola 100,000. Kwa mnada huu hizo si fedha nyingi. Wakati huo alikuwa na mtoto wa kiume wa mwaka mmoja, hajawahi kutia mguu kwenye kiwanja cha mbio. Mwaka uliofuata, Desemba, mtoto yule akashinda mbio ya daraja la kwanza, ndilo la juu kabisa, California. Jina lake Into Mischief. Leo ni dume wa mbegu anayeongoza Marekani kwa fedha wanazoshinda watoto wake, ameongoza miaka kadhaa mfululizo tangu 2019, ada yake ya kupandisha imefika dola 250,000, na wanawe Authentic na Sovereignty wameshinda Kentucky Derby, mbio maarufu kuliko zote huku, 2020 na 2025.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2010 Leslie's Lady akamzaa Beholder, jike aliyeshinda mbio kumi na moja za daraja la kwanza. Akamzaa pia Mendelssohn, aliyeuzwa dola milioni 3 akiwa wa mwaka mmoja, akaenda kushinda kwenye Breeders' Cup, mashindano makubwa ya kila mwaka ya huku, 2017 kule Del Mar. Sasa tazama baba zao: Harlan's Holiday, Henny Hughes, Scat Daddy. Madume watatu mbalimbali, mama mmoja. Mtu akiniambia kwamba dume ndiye kila kitu, namtajia hao watatu.

Aliyemuuza 2006 simlaumu hata kidogo, soko lenyewe ndivyo linavyowasukuma watu. Hebu hesabu. Jike anaacha mbio akiwa na miaka minne, anapandishwa akiwa na mitano, anazaa akiwa na sita. Mtoto hawezi kukimbia hadi afike miaka miwili, na wengi huonyesha uwezo wakiwa na mitatu. Kufikia hapo mama ana miaka tisa, na pengine ameshazaa wengine wawili na ana mimba tena. Kwa muda huo wote bei yake inasimama juu ya matumaini. Mtoto wa kwanza akifeli, bei inashuka, wa pili akifeli inaanguka. Kwa hiyo mfanyabiashara wa huku huwahi kuuza kabla ukweli haujajulikana, au mara tu mtoto mmoja anapong'ara. Puca, mama yake Mage aliyeshinda Kentucky Derby 2023, aliuzwa Novemba ya mwaka huo huo kwa dola milioni 2.9. Miezi saba baadaye mwanawe mwingine, Dornoch, akashinda mbio kubwa ya Belmont. Mwaka huu Baeza, mtoto wa jike huyo huyo, amekuwa wa tatu kwenye Derby.

Lakini tajiri wako si mfanyabiashara wa minada. Anazalisha ili farasi wake wakimbie Ngong Jumapili yeye akiwatazama. Hapo Kenya hakuna soko la kumlipa fedha za matumaini. Atamtoa jike kwa bei ya kutupa, kisha atamtafuta mwingine asiyemjua, aanze kungoja upya miaka ile ile. Hii ndiyo hoja yangu kubwa, na ningefurahi ukimwambia kwa maneno haya haya.

Atakujibu kwamba jike mwenyewe hakuwa na mbio za maana. Mwambie habari ya Zenyatta. Alikimbia mara ishirini, akashinda kumi na tisa, akawapiga madume kwenye Breeders' Cup Classic ya 2009, na hadi leo hakuna mtoto wake aliyeshinda mbio kubwa. Kisha mtajie Hasili, ambaye mbio zake hazikuvuma, lakini amezaa washindi watano wa daraja la kwanza kwa shamba la Juddmonte, mmoja wao Banks Hill. Sikatai kwamba mama mwenye kasi ni bora. Personal Ensign hakushindwa hata mara moja, akamzaa My Flag, naye akamzaa Storm Flag Flying, na wote watatu wameshinda Breeders' Cup. Ninachokataa ni kumhukumu jike kwa mtoto mmoja, tena aliyeanza mazoezi akiwa na kidonda cha mguu, kama ulivyoniandikia mwenyewe.

Na akisema amezeeka, mwambie Somethingroyal alikuwa na miaka kumi na minane alipomzaa Secretariat, Machi 1970. Wa kwenu hata nusu ya umri huo sidhani amepita sana.

Kuhusu dume, umesema tajiri anamtaka yule mpya anayesifiwa na kila mtu. Huku pia ni hivyo. Dume wa msimu wa kwanza hugombewa kwa sababu hana mtoto aliyeshindwa, na hana kwa sababu hana mtoto aliyekimbia. Into Mischief mwenyewe ada yake iliwahi kushuka hadi dola 7,500 watu walipomchoka kabla watoto wake hawajaanza. Mimi ningeangalia miili kwanza. Jike wenu ana goti la kushoto lililokaa pembeni kidogo, nalikumbuka vizuri, na kifua chake chembamba. Mpelekeeni dume mwenye miguu ya mbele iliyonyooka na kifua kipana, hata kama jina lake halimo midomoni mwa watu. Kosa la mama likikutana na kosa lile lile la baba, mtoto ndiye analipa.

Kisha fungua daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kwenye majike ni kweli kabisa. Andika tarehe alizoonyesha joto, tarehe aliyopandishwa, siku daktari alipothibitisha mimba. Akikaribia kuzaa, andika siku chuchu zilipotoa ute ule kama nta. Usiku wa kuzaa usilale, wengi huzaa usiku. Andika saa mtoto alipotoka, saa aliposimama, saa aliponyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, saa kondo lilipotoka. Sisi tunataka asimame ndani ya saa moja, anyonye ndani ya mbili, na kondo litoke ndani ya tatu. Likizidi hapo daktari anaitwa bila kubishana. Baada ya watoto wawili watatu, daftari hilo litamwambia tajiri kama ana mama au hana.

Nisije nikaonekana nasema jike asiuzwe kamwe. Akitoka mtupu misimu miwili mfululizo na daktari akaona kizazi kimeharibika, au watoto wote wakitoka na goti lile lile haidhuru baba ni nani, au akiwa hana maziwa na anamkataa mtoto, hapo muuzeni, tena mapema. Lakini mtoto wa pili ana miaka miwili sasa, na ulisema anaingia mazoezi mwanzoni mwa mwaka. Msubirini huyo akimbie msimu mzima.

Nifanyie jambo moja. Mpige video huyo wa pili akitembea kwenye ardhi ngumu, akija na akienda, kisha kwa ubavuni, bila kumharakisha. Nitumie pia majina ya waliozaliwa na bibi wa jike na walivyokimbia, ofisi ya Ngong watakuwa nayo. Nitamwonyesha yule mzee wa kuinua mikia, amebaki nasi hadi mwisho wa mnada, halafu nitakuandikia alivyosema.

Msalimie kila mtu bandani.

Wasalaam,
rafiki yako wa tangu Ngong