Mashine ya kando ya kitanda nayo inahitaji mlezi

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mtu wa maabara, na wengi hudhani tunazikataa mashine ndogo za kupimia damu kando ya kitanda kwa kuogopa kupokonywa kazi. Sizikatai hata kidogo. Mgonjwa aliyeletwa hajitambui, upande mmoja umelegea, huweza kudhaniwa ana kiharusi kumbe ni sukari iliyoshuka. Tone moja la damu linatosha kulijua hilo. Mwenye figo zilizofeli na potasiamu (madini ya mwilini) iliyopita milimoli 6.5 kwa lita, moyo wake unaweza kusimama sampuli ikiwa bado njiani kuja kwetu. Mashine hizo hutoa majibu kwa dakika chache. Sisi, ukijumlisha kubeba, kuandikisha na kuzungusha sampuli ili chembe zitengane na majimaji, saa nzima yaweza kupita.

Linaloniudhi ni kwamba mashine ikishanunuliwa hukabidhiwa kitengo cha dharura, basi. Nani ataihakiki kwa sampuli za majaribio? Nani ataangalia kama vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, vinatunzwa kwenye ubaridi unaotakiwa?

Chukua hiyohiyo potasiamu. Damu ikivutwa kwa nguvu kwenye mshipa mgumu, chembe nyekundu hupasuka na potasiamu iliyomo ndani yake humwagika. Maabara tukishazungusha sampuli tunaona majimaji ya juu yamegeuka mekundu, tunaomba nyingine. Nyingi za mashine za kitandani hupima damu nzima na wekundu huo haziuoni. Zitakupa namba kubwa bila wasiwasi wowote, na mgonjwa atatibiwa ugonjwa asio nao.

Sukari nayo ina mtego wake. Mgonjwa mwenye mshtuko, shinikizo la damu limeanguka na mikono ya baridi, damu haifiki vidoleni ipasavyo. Kipimo cha kidole hapo hudanganya. Itolewe damu ya mshipa au ateri. Wauguzi wazoefu wanalijua hili. Aliyeanza kazi wiki hii, tena zamu ya usiku, atalijulia wapi?

Mashine zikae kwa wauguzi, lakini maabara ipewe mamlaka ya kuzikagua, kufundisha watumiaji na kuzisimamisha zikikosea. Na majibu yaingie kwenye faili. Nimewahi kupiga simu kuulizia potasiamu ya kwanza ya mgonjwa ili niilinganishe na yetu. Ilikuwa imeandikwa juu ya glovu, na glovu ilishatupwa.

Mtaalamu wa maabara